Mawe ya Nyongo Mbale: Si Kila Maumivu ni Alsa

Zamu ya mchana ikitoka viwandani, Divisheni ya Viwanda ya Jiji la Mbale hunukia mafuta ya moto. Sigiri zimepangwa kandokando ya barabara, na juu ya kila sigiri kuna kikaango cha bapa. Mkaangaji anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anatupia kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba, anakoroga kwa uma na kumimina. Yai likianza kushika, analaza chapati juu yake, anageuza, anaviringisha vyote pamoja na kufunga kwenye karatasi. Hiyo ndiyo rolex, chakula cha Uganda nzima, na kwa wengi wanaosubiri hapo ndio mlo wa kwanza wa maana tangu chai ya asubuhi.

Mlaji anaondoka zake, na mwilini mwake kazi inaanza. Kiini cha yai na mafuta ya chapati vikishatoka tumboni na kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba, chembe maalumu kwenye ukuta wa utumbo zinatambua kwamba mafuta na protini vimefika. Zinamwaga ndani ya damu homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo watafiti Andrew Ivy na Eric Oldberg waliibaini mwaka 1928 huko Chicago. Damu inaipeleka hadi kwenye kifuko cha nyongo, kilichojibanza chini ya ini upande wa kulia, chenye urefu wa sentimita 7 hadi 10 tu. Kifuko kinajikaza. Mlango wa misuli unaozuia nyongo isiingie utumboni unalegea. Nyongo ya kijani iliyokolea inateremka na kukutana na chakula, na baada ya muda wa saa moja hivi zaidi ya nusu ya kilichokuwamo imeshatoka.

Watu wengi hukumbuka kiungo hiki siku ya kuchinja tu, mchinjaji anapokiondoa kwenye ini la mbuzi kwa ncha ya kisu, taratibu, kisije kikapasuka na kuharibu nyama. Kwa binadamu nacho kimezoeleka kuonwa kama kitu cha ziada: kikisumbua, kinatolewa, maisha yanaendelea. Ni kweli mtu anaweza kuishi bila hicho. Lakini utafiti wa miaka ishirini na mitano iliyopita umekitoa pembeni na kukiweka katikati ya habari ya sukari, mafuta na uzito, na mkoa huu wa mashariki mwa Uganda, kuanzia Jinja hadi miguuni mwa Mlima Elgon, una sababu mbili kubwa za kufuatilia habari hiyo.

Tuanze na hesabu ya nyongo yenyewe. Ini halilali. Linatengeneza nyongo usiku na mchana, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, ilhali kifuko hakibebi zaidi ya mililita 30 hadi 50. Kinachokiwezesha kuhifadhi kazi ya saa nyingi ni uwezo wake wa kunyonya maji na chumvi kutoka kwenye nyongo, hata ikolee mara tano, mara kumi na zaidi. Hivyo mlo unapofika, ule mkupuo mmoja mdogo una nguvu ya nyongo nyingi. Unayavunja mafuta kuwa vitone vidogovidogo ili vimeng'enya vya kongosho viyafikie, na bila hiyo mwili hushindwa kunyonya mafuta vizuri, pamoja na vitamini A, D, E na K zinazosafiri ndani yake.

Kwa muda mrefu vitabu vya udaktari viliishia hapo: nyongo ni sabuni ya mwili, basi. Mwaka 1999 vikundi vitatu vya watafiti vilionyesha, karibu kwa wakati mmoja, kwamba asidi za nyongo hushikamana na kipokezi kilichomo ndani ya chembe za ini na utumbo, kiitwacho FXR, na kupitia kipokezi hicho huziamuru jeni zifanye kazi au zinyamaze. Miaka michache baadaye kikajulikana kipokezi kingine, TGR5. Asidi za nyongo zikikigusa hicho kwenye utumbo, utumbo hutoa homoni ya GLP-1, na GLP-1 huliambia kongosho litoe insulini. Ndiyo homoni ileile inayoigwa na sindano mpya za kisukari na unene ambazo matajiri wa dunia wanazigombania. Kumbe kila mara kifuko kinapojikaza, pamoja na kuyeyusha mafuta, kinapeleka ujumbe: chakula kimefika, sukari inakuja, jiandaeni.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika mfumo huu. Asidi za nyongo hazitumiki mara moja na kutupwa. Mwili mzima una gramu chache tu za asidi hizo, na akiba hiyohiyo huzunguka kutoka ini hadi utumbo na kurudi, mara kadhaa kwa siku. Asilimia 95 hivi hunyonywa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kinachopotea kwa njia ya choo, kiasi cha nusu gramu kwa siku, ini hulazimika kukifidia, na malighafi yake ni lehemu, ile ambayo wengi wanaiita kolesteroli. Kwa hiyo nyongo ni mojawapo ya njia kuu za lehemu kutoka mwilini. Ukila maharagwe, mtama, mboga za majani au malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Elgon yanayofukizwa moshi na kupikwa kwa karanga, nyuzinyuzi za vyakula hivyo hukamata sehemu ya asidi za nyongo na kuzitoa nje, na ini hulazimika kuchota lehemu zaidi ili kuziba pengo.

Sasa tuone njia hiyo inavyoziba. Lehemu haiyeyuki kwenye maji. Ndani ya nyongo hubebwa na asidi za nyongo na aina fulani ya mafuta. Wabebaji wakizidiwa, lehemu huganda kuwa chembechembe, chembechembe hunasa kwenye ute, na kifuko kisipojimwaga vizuri zinakaa humo hadi zinakuwa mawe. Mwili usipoitii insulini, hali inayotangulia kisukari cha watu wazima, ini humwaga lehemu nyingi zaidi kwenye nyongo. Kwa mtu mnene, mara nyingi kifuko huwa kikubwa na kivivu. Mimba hukilegeza kifuko na kubadilisha mchanganyiko wa nyongo, ndiyo maana wanawake hupata mawe zaidi kuliko wanaume, na nchini Uganda, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulihesabu wastani wa watoto 5.2 kwa kila mwanamke, jambo hilo halihitaji kuelezwa mara mbili. Jiwe la aina hii ni habari kuhusu mwili mzima. Linasema ini, insulini, lehemu na kifuko vimeacha kwenda pamoja, na mara nyingi linasema hivyo kabla kipimo cha sukari hakijapanda.

Bahati mbaya habari hiyo hupotelea kwenye kaunta ya duka la dawa. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Dada, nisaidie. Tumbo hapa juu limenitesa usiku kucha."

"Linachoma au linakaza?"

"Linakaza. Mpaka nyuma mgongoni."

"Ulikula saa ngapi?"

"Saa tatu usiku, chapati na mayai. Mchana nilishinda njaa."

"Ni alsa hiyo, mama. Usikae na njaa."

Mama anaondoka na vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo. Maswali ya dada yule yalikuwa mazuri kuliko jibu lake. Alsa, yaani vidonda vya tumbo, mara nyingi huchoma, na hurudi siku hata siku. Maumivu ya mawe ya nyongo kwa kawaida hupanda baada ya mlo, mara nyingi jioni au usiku wa manane. Hukaza juu ya kitovu au chini ya mbavu za kulia, yakaelekea mgongoni au kwenye bega la kulia. Hushika bila kuachia kwa nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huondoka, na mtu anaweza kukaa wiki au miezi bila kuyasikia tena. Mapumziko hayo ndiyo yanayodanganya. Mgonjwa anaamini vidonge vimemponya, kumbe jiwe limeondoka tu kwenye mlango lililokuwa limekwama.

Zamani daktari wa Uganda angekuwa na haki ya kutofikiria mawe. Habari hiyo ina historia, na sehemu yake inapita Jinja. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kwenye hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa kwenye hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona nje mtoto mwingine akiwa na mama yake, uso umevimba vilevile. Kutokana na watoto wale wawili alianza kuufuatilia ugonjwa ambao leo dunia nzima inauita kwa jina lake, saratani ya Burkitt. Wanafunzi wa udaktari wa Makerere wanaijua habari hiyo vizuri.

Wasiyoisikia sana ni kazi yake ya pili. Aliporudi Uingereza mwaka 1966, Burkitt alikutana na mawazo ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyeamini kwamba sukari na unga uliokobolewa ndivyo mzizi wa magonjwa mengi ya nchi tajiri. Burkitt akakumbuka miaka yake Lira na Mulago. Kule Uingereza wapasuaji walikuwa wanatoa vifuko vya nyongo kila siku. Uganda alikuwa hajakutana na mawe isipokuwa kwa nadra. Hivyo hivyo kidole tumbo, bawasiri na vifuko vidogo vinavyochomoza kwenye utumbo mpana. Akaanza kuziandikia hospitali za misheni Afrika nzima akiziuliza zinayaona magonjwa hayo mara ngapi. Majibu yalifanana: ni nadra, ni nadra, ni nadra. Mwaka 1975 yeye na Trowell walitoa kitabu walichokihariri pamoja kuhusu wanga uliokobolewa na magonjwa yanayoufuata, na mawe ya nyongo yalikuwamo. Hoja yao ilikuwa kwamba mlo wa Mwafrika wa kijijini, uliojaa nyuzinyuzi, ulimlinda.

Binafsi naiheshimu kazi hiyo, lakini si budi kusema ilipopwaya. Mpasuaji huwaona wale tu wanaofika hospitalini, na mawe mengi ya nyongo hayaumi. Siku hizo hapakuwa na ultrasaundi ya kuyaona kwa mtu mzima wa afya. Idadi ya watu Uganda ilikuwa ya vijana, na mawe ni ugonjwa unaoongezeka na umri. Ushahidi ninaouamini zaidi ulitoka kwa daktari Mwafrika, Raphael Owor, ambaye baadaye alikuwa profesa wa patholojia Makerere. Mwaka 1964 alichapisha katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki matokeo ya uchunguzi wa maiti za Mulago. Maiti hailalamiki na haijifichi. Kifuko kinafunguliwa, jiwe lipo au halipo. Hata huko mawe yalikuwa machache. Kwa hiyo Burkitt aliona sawasawa, hata kama njia yake ilikuwa na matundu.

Je, sababu ilikuwa nyuzinyuzi peke yake? Hapo Wamasai wanatuletea swali gumu. Mwaka 1971 kikundi cha watafiti wa Marekani kilichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa Wamasai wa Afrika Mashariki, watu ambao mlo wao wa asili ni maziwa na nyama na ambao nyuzinyuzi kwao ni kidogo mno. Ungetegemea vifuko vyao vijae mawe. Haikuwa hivyo. Lehemu katika damu yao ilikuwa ndogo, na nyongo yao ilikuwa na asidi za nyongo na mafuta ya kubebea lehemu kwa wingi kuliko lehemu yenyewe, kiasi kwamba mawe ya lehemu yalikuwa adimu kabisa kwao. Mwili wao ulipopokea lehemu kwenye chakula ulipunguza ile unayojitengenezea. Walikuwa wembamba, wakitembea mwendo mrefu na mifugo yao. Kwa hiyo mkulima wa migomba wa Bugisu, huku miteremkoni mwa Elgon, na mfugaji wa Kimasai, ambao sahani zao hazifanani hata kidogo, walilindwa na kile walichoshirikiana: miili isiyobeba mafuta ya ziada, inayofanya kazi kutwa, isiyojua sukari ya dukani.

Kinga hiyo ya pamoja ndiyo inayoondoka sasa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mkoa huu kuifuatilia habari ya nyongo. Jinja imekuwa mji wa sukari na mafuta kwa muda mrefu. Kakira, kiwanda cha sukari kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, kiko karibu na hapo, na mafuta ya mawese ya visiwa vya Kalangala husafishwa Jinja. Mbale nayo ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na bustani ya viwanda ya Wachina na Waganda iliyozinduliwa Machi 2018 imebadilisha ratiba za maelfu ya watu. Mtu aliyekuwa anapanda na kushuka milima akipogoa kahawa sasa anasimama mbele ya mashine mahali pamoja, anakunywa soda saa sita kwa sababu ni rahisi na haraka, na anakula mlo wake mkubwa usiku. Silaumu viwanda. Ajira ni neema, na watu wa mtaa wa Namatala, hapa Mbale, wanajua kukosa kazi kunavyouma. Nasema tu kwamba mwili umehamia mjini kwa kasi kuliko hospitali zetu zilivyozoea.

Utafiti wa kwanza wa nchi nzima kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulifanyika Uganda mwaka 2014. Ulikuta asilimia 1.4 ya watu wazima wana kisukari. Idadi hiyo inaonekana ndogo hadi usome mstari unaofuata: karibu nusu yao hawakuwa wanajua. Watu hao ndio ninaowafikiria ninaposema jiwe ni habari. Mwanamke wa miaka arobaini aliyepigwa picha ya tumbo na kukutwa na mawe amepewa nafasi ya kujua sukari yake, shinikizo lake la damu na hali ya ini lake mapema, ikiwa tu aliyemhudumia atamwambia apime.

Watu wengi huuliza: kwa hiyo niache chapati? Jibu langu linaweza kuwashangaza. Mafuta kiasi kwenye mlo hukifanya kifuko kijimwage, na kifuko kinachojimwaga mara kwa mara hakikusanyi mawe kirahisi. Chumba cha kutengenezea mawe ni kifuko kilichokaa kutwa bila kazi. Wanaojinyima chakula ili wapunguze uzito haraka, kilo moja na nusu kwa wiki na zaidi, hupata mawe kwa wingi, na watafiti wamegundua kwamba kuongeza mafuta kidogo kwenye milo hiyo hupunguza hatari. Hata zile sindano zinazoiga GLP-1 zimehusishwa na matatizo ya kifuko. Rolex moja yenye mboga nyingi, iliyoliwa mchana badala ya soda, si adui. Kinachonitia wasiwasi ni kushinda njaa kila siku, kunywa sukari badala ya kula, na kiuno kinachopanuka mwaka hadi mwaka.

Na kahawa? Mbale ni mji wa arabika. Chama cha Ushirika cha Bugisu kimekuwa kikinunua kahawa ya wakulima wa Elgon tangu mwaka 1954. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanaume 46,008 kwa miaka kumi walikuta kwamba waliokunywa vikombe viwili au vitatu vya kahawa kwa siku walipata mawe yenye maumivu kwa asilimia 40 pungufu kuliko wasiokunywa kabisa. Kahawa iliyotolewa kafeini haikuonyesha faida hiyo. Inajulikana pia kwamba kahawa hukifanya kifuko kijikaze. Simwambii mtu anywe kahawa kama dawa, hasa aliye na mawe tayari, maana kujikaza huko kunaweza kumletea maumivu. Ila natamani mkulima wa Bududa aliyezoea kuuza gunia lote na kurudi nyumbani kunywa chai ya sukari nyingi abakize kiasi cha kahawa yake kwa ajili ya meza yake, na asiitie sukari.

Nilisema sababu ni mbili. Ya pili ni ya damu, na ni ya kale kuliko kiwanda chochote. Kati ya mwaka 2014 na 2015 sampuli karibu 100,000 za damu ya watoto wachanga na wadogo wa Uganda zilipimwa kutafuta selimundu, ugonjwa unaojulikana zaidi kama sikoseli. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha asilimia 13.3 wana chembe ya urithi moja na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Busoga, nchi ambamo Jinja imo, ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa. Malaria ndiyo iliyoupandikiza urithi huu: mwenye chembe moja hupona malaria kali kirahisi zaidi, kwa hiyo vizazi vya maeneo yenye mbu wengi vikaubeba.

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20. Kila chembe inayopasuka huacha rangi ya manjano iitwayo bilirubini, na ini huitoa kwa kuipitisha kwenye nyongo. Ikizidi, inagandamana na kalsiamu na kuwa mawe madogo meusi. Watoto huanza kuyapata mapema, na wakifika utu uzima nusu yao au zaidi wanayo. Ni mawe ya njia nyingine kabisa. Hayakuletwa na chapati, wala unene, wala uvivu, na mama wa mtoto huyo hastahili kuhubiriwa habari za mafuta ya kupikia.

Tatizo la mtoto huyu ni kwamba tumbo lake huuma kwa sababu nyingi, na sikoseli yenyewe ndiyo inayolaumiwa kwanza. Anapewa dawa ya maumivu na maji, anarudishwa nyumbani, na baada ya mwezi amerudi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale ina kliniki ya wagonjwa hawa, na ombi langu kwa wazazi ni moja: maumivu yakiwa yanarudi upande uleule wa kulia, hasa baada ya kula, na macho yakiwa ya manjano kuliko kawaida yake, ombeni ultrasaundi ya nyongo. Mtoto afike akiwa hajala kwa saa sita hivi, ili kifuko kiwe kimejaa na kionekane.

Wakati huohuo simu zinatuletea tiba ya mafuta ya zeituni, maji ya limau na chumvi ya kuharisha. Unakunywa usiku, asubuhi unakuta chooni vidonge vya kijani, laini, kumi au ishirini, na unawapigia ndugu picha ya "mawe" yaliyotoka. Mwaka 2005 madaktari wawili wa New Zealand walivipima vidonge kama hivyo, vilivyoletwa na mgonjwa wao. Havikuwa na lehemu wala bilirubini. Vilikuwa sabuni, iliyotengenezwa tumboni na mafuta yale yale aliyoyanywa. Mawe yake yalikuwa bado yamo ndani. Wanaoisambaza tiba hii wengi wana nia njema, lakini inamchelewesha mgonjwa, na kuchelewa kunaua. Maumivu ya upande wa kulia yanayofuatana na homa, au na macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Mawe yasiyouma kwa kawaida huachwa. Kati ya watu 100 wenye mawe ya kimya, ni mmoja hadi wanne tu wanaoanza kupata maumivu katika mwaka mmoja. Yakianza kuuma mara kwa mara, dawa ya uhakika ni kukitoa kifuko chenyewe, jambo alilolifanya kwa mara ya kwanza Carl Langenbuch huko Berlin tarehe 15 Julai 1882, na ambalo tangu mwaka 1985 limewezekana kwa matundu madogo na kamera. Sioni sababu ya mtu kuogopa upasuaji huo ukiwa unahitajika. Kukaa na kifuko kilichooza ni hatari zaidi.

Ninachosisitiza ni kinachofuata. Kifuko kikishatoka, nyongo haingoji tena mlo. Inachuruzika utumboni kutwa kucha, na ile mikupuo iliyokuwa ikiambatana na chakula inapungua nguvu. Wengi hawahisi tofauti, wachache huharisha wakila mafuta. Uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 12,000, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta ini lenye mafuta mara nyingi zaidi kwa waliotolewa kifuko, hata baada ya uzito na mambo mengine kuzingatiwa. Kwa wale wenye mawe ambao kifuko chao kilikuwa bado kipo, uhusiano huo haukuonekana. Hilo halithibitishi kwamba upasuaji ndio unaoleta mafuta kwenye ini. Lakini linatosha kumfanya mgonjwa asijione amemaliza siku anapotolewa nyuzi.

Kwa hiyo ukienda kupimwa, mwambie mtaalamu wa ultrasaundi asiishie kwenye kifuko. Kile kifaa anachokipitisha kwenye mbavu zako, akikisogeza sentimita chache, kinaliona ini, na ini lenye mafuta hung'aa kwenye skrini kuliko figo iliyo jirani yake. Mwombe aliandike hilo kwenye karatasi ya majibu. Kabla hujatoka hospitalini, chomwa kidole sukari ipimwe, fungwa mkono presha ipimwe, zungushiwa utepe kiunoni. Namba hizo tatu ziandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, na karatasi hiyo uende nayo kila utakapomwona daktari, hata ukienda kwa ajili ya malaria.